Ziwa Moja au Matatu? Tabora, Ramani yenye Kosa na Mchango wa Kwanza kwenye Programu Huria

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, uliingia Kaze, makazi ya wafanyabiashara katika nchi ya Unyanyembe, hapo ambapo leo tunapaita Tabora. Walikuwa njiani siku 134 tangu waiache pwani. Homa zilikuwa zimewachosha, punda wengi walikuwa wamekufa, na wapagazi wengine walikuwa wameshatoroka. Walichokuwa nacho ni ramani, na ramani hiyo ilikuwa na kosa kubwa kuliko nchi nzima.

Ramani yenyewe ilichorwa na Jakob Erhardt, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa pwani yetu pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Mwaka 1854 Erhardt alikuwa Tanga, akiwauliza watu wa misafara: huko bara mnakokwenda kuna nini? Wakamjibu. Waliopita njia ya Kilwa walisema wamefika kwenye maji makubwa. Waliopita njia ya Unyamwezi mpaka Ujiji walisema hivyo hivyo. Na waliopanda kwa njia za kaskazini nao walisema yapo maji yasiyo na mwisho. Erhardt akakaa na majibu hayo, akaona kama taa imewashwa kichwani: kama kila njia inaishia kwenye maji, basi maji hayo ni mamoja! Akachora bahari moja ya ndani, ndefu na nene, iliyopinda kama konokono asiye na gamba. Ikachapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856, wasomi wa London wakacheka na kubishana, na ubishi huo ni moja ya sababu zilizowafanya Burton na Speke watumwe kuja kuangalia.

Pale Kaze waliishi jirani na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu kutoka Oman, msomaji wa vitabu, aliyezijua njia za bara kwa miaka mingi. Walipomfunulia ramani ile na kumuuliza, jibu lake lilikuwa jepesi. Ziwa si moja. Yako matatu: la Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na la Ukerewe kaskazini. Wamisionari wameyaunganisha.

Basi. Kosa lililosumbua wasomi wa Ulaya lilisahihishwa barazani Tabora, kwa mazungumzo, na mtu ambaye hakuhitaji hata kuinuka kwenye mkeka. Mwezi Julai 1858 Speke alitoka Kaze kuelekea kaskazini kufuata maneno hayo, na tarehe 3 Agosti alikuwa amesimama mbele ya Nyanza.

Nimeanza na habari hii kwa sababu nataka kuzungumza nanyi, wapenzi wa fasihi na historia, juu ya jambo ambalo wengi wenu mnadhani ni la vijana wa kompyuta tu: kutoa mchango wa kwanza kwenye mradi wa programu huria. Nitasema kwamba mchango wa kwanza, mara nyingi, ni kile kile alichofanya Snay: kuona kosa ambalo aliyelifanya hawezi kuliona kwa sababu ya mahali alipo. Tofauti iko kwenye kinachofuata baada ya kosa kuonekana, na tofauti hiyo si ndogo.

Kosa la kuunganisha

Tulitazame kosa la Erhardt kwa makini kidogo, maana lina somo. Watu aliowauliza hawakumdanganya. Kila mmoja alisema kweli juu ya maji aliyoyaona. Aliyekosea ni aliyekaa mbali, akachukua kweli tatu na kuzishona kuwa moja. Na hakuwa mjinga. Ni kwamba hakuwahi kufika mahali ambapo njia zile zinakutana, asimame na kuuliza: hebu, wewe uliyetoka Ukerewe, maji yako ndiyo haya ya Ujiji?

Mahali hapo palikuwa Tabora. Njia kuu ya kati, yenye urefu wa kilomita kama 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipita hapa, na hapa ndipo ilipogawanyika: mmoja anaendelea magharibi kwenda Tanganyika, mwingine anapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Watu walikaa wiki na miezi wakingoja mvua ziishe, wakingoja wapagazi wapya, wakingoja vita vitulie. Wakingoja, waliongea. Kwa hiyo ujuzi wa Snay haukuwa wa Snay peke yake. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao kabla ya Waarabu kujenga nyumba Kaze. Mizigo ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, iliyokwenda kwenye maziwa yale yote ilikuwa mabegani mwao. Kirangozi aliyetangulia na bendera aliijua njia kisima kwa kisima. Snay alikuwa masikio ya barazani. Miguu ilikuwa ya watu wengine. Tena tusisahau, katika misafara hiyo walikuwamo watumwa, na wafanyabiashara wa Kaze walitajirika kwa pembe na kwa watu. Ramani nzuri inaweza kutoka kwenye nyumba yenye dhambi.

Sasa turudi kwenye programu. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, umewekwa wazi: unaruhusiwa kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza. Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983 akidai uhuru huo. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliweka hadharani kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na watu wasiomjua wakaanza kumtumia masahihisho. Leo Linux imo ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo hiyo uliyoshika.

Lakini wengi wa wanaoandika programu hizo wamekaa mbali na sisi, kama Erhardt alivyokaa mbali na Kaze. Nao wanashona. Nitawapa mfano ambao mwalimu yeyote wa Kiswahili ataucheka.

Kisa cha neno "mpya"

Tuseme mtu wa California anaandika programu inayotoa taarifa: kuna kitu fulani kipya. Kwa Kiingereza neno lake la "mpya" halibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo anaandika msimbo unaochukua neno hilo mara moja tu na kulibandika mbele ya jina lolote: picha, faili, kitabu, mgeni, mahali. Halafu programu inapopelekwa kutafsiriwa, mtafsiri wa Kiswahili anapewa orodha ya maneno. Neno la kwanza: "mpya". Aandike nini?

Akiandika "mpya", simu itasema "kitabu mpya", "wageni mpya", "mahali mpya". Akiandika "kipya", itasema "picha kipya". Hakuna jibu sahihi, kwa sababu kosa haliko kwenye tafsiri. Liko kwenye msimbo. Mwandishi ameunganisha vitu ambavyo kwa lugha yetu havishikani bila ngeli: mgeni mpya, wageni wapya, kitabu kipya, vitabu vipya, faili jipya, mahali papya. Dhambi nyingine ya zamani ya jamaa hawa ni programu zinazotengeneza wingi kwa kubandika herufi moja mwishoni mwa neno, eti kwamba wingi wa dunia nzima uko mkiani. Wetu uko kichwani: mtu, watu, kiti, viti, jino, meno.

Unaona? Ni ziwa la Erhardt hilo. Vitu vingi vimefanywa kimoja na mtu mwerevu aliyekuwa mbali. Dawa yake inajulikana: msimbo usishone maneno, upewe sentensi nzima kwa kila hali, "una kitabu kipya", "una wageni wapya", na mtafsiri aitafsiri sentensi kama sentensi. Marekebisho hayo yanaweza kuwa mistari mitano tu. Lakini mtafsiri aliyepewa orodha hawezi kuyafanya. Lazima mtu aingie ndani ya msimbo, na lazima mtu huyo awe anaijua ngeli. Injinia wa California hatalala usiku akiwaza habari za "papya". Wewe msomaji unayekunja uso ukiona "kitabu mpya" ndiye mwenye macho ya kuona.

Wabebaji na majina yao

Hapa historia ya Tabora inaanza kuuma. Snay alitoa sahihisho, sawa. Burton na Speke ni waungwana kiasi cha kumtaja vitabuni mwao. Lakini hakuwa na njia yoyote ya kuigusa ramani yenyewe. Ramani ilikuwa London, na mlango wake ulikuwa Speke. Speke aliliita ziwa Victoria, kwa jina la malkia wake. Yeye na Burton wakagombana miaka kadhaa kuhusu maana ya alichokiona, mpaka Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao wa hadhara huko Bath. Snay hakuwepo kwenye ugomvi huo. Alikuwa ameshauawa mwaka 1861, katika vita dhidi ya Manua Sera, mtemi wa Unyanyembe aliyeondolewa kwenye kiti chake.

Na huyo ni Snay, mtu wa heshima zake. Walio chini yake ndio usiseme. Mfano unaojulikana sana ni wa wale waliobeba maiti ya David Livingstone. Agosti 1872 watu zaidi ya 50 aliowatuma Stanley kutoka pwani walifika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, wakajiunga na mzee yule kwa safari yake ya mwisho. Alipokufa Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao walimkausha, wakamfunga, wakambeba. Oktoba mwaka huo walipita tena Kwihara. Walimkuta pale Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliyewashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliwatengenezea medali za fedha, na jina la kila mmoja likachongwa ubavuni mwa medali yake. Ni jambo jema, na kwa zama zile ni jambo la ajabu. Lakini medali zilipofika, wengi wao walikuwa wameshatawanyika. Wengine walikuwa wameshachukua mizigo ya safari nyingine. Jina liliandikwa, ila mwenye jina hakulishika mkononi.

Sasa tazama mradi wa programu huria unavyotunza majina. Miradi mingi leo hutumia chombo kinachoitwa Git, alichokitengeneza Torvalds huyo huyo mwaka 2005. Git ni kama daftari la msafara lisilofutika. Kila badiliko linaandikwa: nini kimebadilika, lini, na kwa nini. Na kuna jambo dogo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote: kwa kila badiliko Git inatunza majina mawili. La kwanza ni la aliyeandika badiliko. La pili ni la aliyeliingiza kwenye mradi. Mara nyingi ni mtu mmoja, lakini si lazima. Yaani chombo chenyewe kimejengwa kikijua kwamba anayebeba na anayepokea mlangoni wanaweza kuwa watu wawili, na kwamba wa pili asimmeze wa kwanza.

Zaidi ya hapo, kila badiliko lina namba yake ya utambulisho, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, majina, tarehe na badiliko lililotangulia. Ukienda kinyemela kufuta jina la mtu wa miaka kumi nyuma, namba yake itabadilika, na namba za yote yaliyofuata nazo zitabadilika, na kila mwenye nakala ataona kwamba kuna mkono umepita. Kama ramani ya London ingetunzwa hivyo, tungeweza leo kufungua mstari unaosema "ziwa moja limekuwa matatu", tukasoma: aliyeandika, Snay bin Amir, Kaze, aliyeingiza, J. H. Speke.

Mchango wa kwanza unavyokwenda

Basi mtu anaanzaje? Nitasema hatua zake kwa Kiswahili cha kawaida, maana maneno ya kitaalamu ndiyo yanayowatisha watu mlangoni.

Kwanza unachagua mradi unaoutumia mwenyewe. Usiende kutafuta mradi mkubwa ili ujisifu. Mpagazi hachagui pembe kwa kuitazama uzuri. Tafuta programu ambayo kosa lake limeshakuudhi. Halafu soma maelezo ya mradi. Karibu kila mradi wenye adabu una ukurasa wa kuwaeleza wageni desturi za nyumba. Wengine huweka alama kwenye kazi ndogo ndogo walizowaachia wanaokuja mara ya kwanza.

Pili, kabla hujagusa chochote, unatoa taarifa ya kasoro: nimefanya hivi, nilitarajia hivi, nimeona hivi. Ndicho alichofanya Snay, na taarifa peke yake ni mchango. Ukieleza vizuri kwa nini "kitabu mpya" ni kosa, ukiweka mifano mitatu minne ya ngeli, umeshamfanyia kazi nusu atakayerekebisha.

Tatu, ukitaka kurekebisha mwenyewe, unachukua nakala yako ya mradi mzima. Hii ndiyo hatua ambayo Snay hakuwa nayo. Nakala ni yako. Ukiiharibu, ya kwao iko salama. Ndani ya nakala unafungua tawi, unafanya badiliko lako, dogo iwezekanavyo, na unaandika maelezo mafupi ya ulichobadilisha na sababu yake. Halafu unatuma ombi: naomba badiliko hili liunganishwe.

Nne ni kungoja, kama misafara ilivyongoja Tabora. Watunzaji wa mradi watalisoma. Watauliza maswali. Watakwambia hapa ongeza, pale punguza, jina hili halifuati desturi yetu. Wengine wana ulimi mkavu. Wengine hawatajibu kwa wiki tatu kwa sababu wana kazi na watoto. Wanaweza kukataa kabisa, na kukataliwa badiliko si kutukanwa. Wakikubali, linaingia, na jina lako linabaki kwenye daftari hata kama ulichorekebisha ni herufi moja.

Wapenzi wa fasihi wana faida ambayo hawaijui. Hatua ngumu kwa wageni wengi si msimbo, ni maandishi: kueleza kosa bila kulaumu, kutetea badiliko kwa sentensi nne zinazoeleweka, kupokea uhariri bila kununa. Aliyewahi kupeleka hadithi yake kwa mhariri mkali ameshapita jando hilo.

Waliotangulia

Wala hatuanzi kwenye pori. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. Fikiria kazi hiyo kama kazi ya lugha: kila amri ya kwenye menyu inataka neno, na neno hilo litasomwa na mtu mwenye haraka. "Hifadhi", "hariri", "nakili", "bandika": leo tunayaona ya kawaida, lakini kuna watu walikaa mezani wakabishana.

Januari 2008, Kenya ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi, Waafrika Mashariki wachache, akiwemo mwanasheria Ory Okolloh na mwandishi wa programu David Kobia, walitengeneza kwa siku chache mfumo wa kupokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi na kuziweka kwenye ramani. Waliuita Ushahidi. Msimbo wake uliwekwa wazi, na mwaka 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Neno letu la kawaida likaenda ng'ambo kama jina la programu, na hakuna aliyelitafsiri.

Na ramani yenyewe je? OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza Uingereza mwaka 2004, inaruhusu mtu yeyote kuisahihisha. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatumia wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa yao wenyewe, hasa ile inayofurika mvua ikinyesha. Mkazi wa Tabora leo akiona barabara ya kijijini kwao imechorwa juu ya mbuga, haitaji Speke. Anafungua akaunti, anasahihisha, na jina lake la akaunti linaandikwa.

Hata njia ya msafara yenyewe imeacha alama ndani ya kompyuta. Kiswahili kilivuka Ziwa Tanganyika kwa njia hii ya Tabora na Ujiji, kikaota mizizi Kongo na kuwa Kiswahili chenye ladha yake. Kwenye hazina ya wazi ya data za lugha inayoitwa CLDR, ambayo simu na kompyuta huchota humo majina ya miezi, siku na nchi, Kiswahili kina alama ya "sw", na baada yake kuna tawi la Kenya na tawi la Kongo, "sw-CD". Wapagazi walioamkiana Ujiji hawakujua kwamba wanatengeneza tawi. Lakini lipo, na linahitaji watu wa kulitunza, maana mtu wa Dodoma akijaza ya Lubumbashi kwa kukisia atakuwa Erhardt mwingine.

Posho

Kuna swali ambalo siwezi kulikwepa. Mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa. Alikuwa na ujira wa vitambaa, alikuwa na posho ya chakula kwa kibaba, na akipunjwa aliweka mzigo chini, au alitoroka nao usiku. Wasafiri wa Kizungu walijaza kurasa kulalamika juu ya hao wakaidi, na ukisoma malalamiko hayo kwa jicho la pili unaona watu waliojua thamani ya bega lao. Anayechangia programu huria, je? Mara nyingi halipwi kitu. Na makampuni makubwa ya dunia yanatumia kazi hiyo kutengeneza fedha zisizohesabika.

Wapo wanaosema kwa hiyo tusitoe. Ninawaelewa. Bara hili limeshabeba mizigo ya watu ya kutosha. Na leo sauti za Kiswahili zinakusanywa kwa michango ya hiari, kama kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambapo mtu anasoma sentensi na wengine wanasikiliza na kuthibitisha. Sauti hizo hutolewa karibu bila masharti: anayezitumia anaweza kuwa mwalimu wa Urambo, anaweza kuwa kampuni tajiri. Ni haki ya mtu kujua hilo kabla hajafungua mdomo.

Jibu langu ni kwamba mtu asome leseni kama wapagazi walivyohakiki mzigo kabla ya kuuinua. Leseni si zote sawa. GPL, ile ya Stallman, inamwambia anayechukua kazi yako na kuisambaza ikiwa imeboreshwa: na wewe uache wazi ulichoongeza. Nyingine, kama MIT, zinamruhusu achukue na kufunga mlango, mradi tu tamko lako la hakimiliki libaki. Nyingine, kama ile ya sauti nilizozitaja, hazidai hata hilo. Chagua ukijua. Na kuna mambo ambayo ujira wake si fedha. Kosa la "kitabu mpya" likikaa kwenye programu ya shule, watoto wetu ndio watakaolisoma kila siku mpaka walione ni Kiswahili. Hapo sioni kwamba nambebea mtu mzigo. Mzigo ni wangu.

Leo Kaze ya Snay haipo tena. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na njia ya miguu ikaanza kusahaulika. Kwihara kuna tembe lililojengwa upya kumkumbuka Livingstone, na wageni wanakwenda kulitazama. Hapa ndipo njia zilipokutana, watu wakaongea, na kosa la mbali likagunduliwa.

Kama umesoma mpaka hapa, fanya jambo moja wiki hii. Fungua programu moja huria unayoitumia, iweke kwa Kiswahili, ipitie kama unavyopitia muswada. Utakuta ngeli iliyovunjika, utakuta tafsiri iliyoshonwa na mtu asiyejua, utakuta saa iliyoandikwa 7 wakati hapa kwetu ni saa moja. Liandike kosa la kwanza utakaloliona, kwa adabu na kwa mifano, ulitume. Halafu chukua nakala yako.